Bibi Alikuwa Akiniuliza Rangi

Kwenye darasa letu la jioni, darasa la sisi watu wazima tuliochelewa, huwa naketi benchi moja na Bi Saumu. Amenipita miaka kama kumi na tano hivi, ana wajukuu, na daftari lake amelivika jalada la gazeti kama mtoto wa darasa la kwanza. Wiki iliyopita mwalimu aliandika ubaoni, akageuka kufunga dirisha kwa sababu ya upepo, na Bi Saumu akaniegemea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mishi, pale mstari wa pili kaandika nini? Nataka nione kama umeelewa."

Nikafungua mdomo nimjibu, kisha nikageuka. Nikamtazama. Alikuwa ameukazia ubao macho, kidevu amekiinua, anatabasamu kidogo kama mtu anayejua jibu na anangoja tu la mwenzake. Tabasamu lile nilikuwa nalijua. Nililiona kila siku nilipokuwa na miaka minane, tisa, matope yamenifika magotini, na sikulielewa hata kidogo.

Nikamsomea ule mstari polepole, neno kwa neno. Halafu nikarudi nyumbani nikaswali, na baada ya kuswali nikabaki pale pale juu ya msala, namkumbuka bibi yangu, mamake baba.

Mji wetu ulikuwa kando ya mto Sabaki, huku chini, si mbali na pale mto unapoingia baharini. Ukiuita mji, mtu wa Malindi atakucheka. Ilikuwa barabara moja ya mchanga. Mwanzo wa barabara palikuwa na msikiti, mwisho wake kanisa la mabati, na katikati, kama hakimu, mashine ya kukoboa mpunga. Pale kwa mashine ndipo tulipokutana sote, Waislamu, Wakristo, na wale wazee wa Kigiriama waliokuwa hawajaamua. Nyuma yake kulikuwa na mlima wa makapi ya mpunga, na sisi watoto tulikuwa tukiuparamia na kuteleza juu yake mpaka mama zetu watufuate na fimbo. Makapi yanawasha, jamani! Unaoga, unapakwa mafuta ya nazi, unalala, na bado shingo haikupi raha.

Wenzangu wa rika langu mliokulia huko mtaikumbuka harufu. Sisemi harufu ya wali, hiyo kila mtu anaijua. Nasema ile ya bonde mafuriko yakishapungua. Mto ulikuwa ukija na maji ya bara, mazito, rangi ya chai ya maziwa, unapanda mpaka unafunika bonde lote, tunakaa ndani siku kadhaa tunasikiliza viboko wakikohoa karibu na nyumba. Kisha maji yanashuka. Asubuhi moja unafungua mlango na hewa nzima inanuka udongo mbichi, na wanawake wote wa mji wanatoka, leso zimefungwa viunoni, kila mmoja anateremka kwenye kipande chake. Mpunga kwetu ulikuwa kazi ya wanawake. Wanaume walilima mahindi juu, au walikwenda kutafuta kazi. Baba yangu alikuwa Mombasa, tukimwona Idi hadi Idi.

Jambo moja la bonde letu sijalisikia kwingine. Bahari ilikuwa karibu, na maji yakijaa kule, yanausukuma mto kurudi nyuma. Kwa hiyo maji ya mto yalipanda na kushuka mara mbili kila siku, na wanawake walikuwa wametoboa midomo midogo kwenye matuta, wanaifungua maji yakipanda ili mpunga unywe. Lakini siku nyingine bahari inasukuma sana, chumvi inafika mpaka kwetu, na ukifungua umejiunguzia miche. Huwezi kuijua chumvi kwa kuitazama. Lazima maji yaonjwe. Na mwonjaji wa bonde zima alikuwa bibi yangu. Alikuwa anachota kwa kiganja, anayazungusha mdomoni, anatema pembeni, na wanawake wote wamesimama kwenye matuta yao na majembe wanamngoja.

"Bado," anasema.

"Bibi, mimi nimeonja, naona ni matamu," mwanamke mmoja anasema.

"Wewe umetoka kunywa chai na sukari. Bado."

Na hakuna aliyefungua.

Sasa niseme jambo ambalo mimi sikulijua na nyinyi ni vizuri mlijue tangu sasa. Bibi alikuwa anapofuka. Halikuwa jambo la ghafla, lilikuwa likija kidogo kidogo, msimu kwa msimu, na alikuwa amelificha. Mwanawe mkubwa, ami yangu Athmani, alikuwa na nyumba nzuri Malindi, ya simiti, na alikuwa ameshasema mara nyingi, "Mama, siku nikisikia umeshindwa, siku hiyo hiyo nakuchukua." Alisema kwa mapenzi. Lakini bibi hakutaka kuchukuliwa. Alikuwa na kipande chake, na ndani ya kipande alikuwa na mpunga wake, mwembamba, unaonukia mpaka njiani ukipikwa, tukiuita Kilua kama lile ua la kuvaa kichwani. Mbegu aliipata kwa mamake. Mtu akijua kwamba haoni, bonde limemwisha.

Basi akanichukua mimi. Alimwambia mama yangu, "Nipe Mishi anifukuzie ndege." Ndege walikuwepo kweli, wadogo wale, wanakuja kama moshi, tunawapigia makopo na kelele. Lakini ndege huja mpunga ukishatoa masuke, na mimi nilichukuliwa tangu siku ya kwanza ya matope. Hakuna aliyeuliza. Mama yangu hakuuliza. Baadaye, nilipokuwa mkubwa, aliniambia alikuwa anajua, ila hakutaka kuwa yeye wa kusema.

Tulikuwa tukiondoka baada ya alfajiri. Bibi alinishika bega, si mkono, na watoto wengine wakanionea kijicho, maana hakuna bibi aliyetembea na mjukuu wake hivyo. Nami nikajiona malkia. Mama Kadzo, jirani yetu wa bondeni, Mgiriama mmoja mnene mwenye kicheko cha kuamsha mji, kila asubuhi alikuwa na neno lake.

"Hawe! Leo mjukuu anakupeleka sokoni?" Hawe ndiyo bibi kwao. "Anakuvuta kama ng'ombe wa kuuzwa!"

"Mimi ndiye namvuta. Huoni nimemshika mimi?"

"Naona. Ila uzuri wa ng'ombe ni mmoja, hagombani na watu mapema hivi."

"Ng'ombe hana jirani kama wewe."

Njiani bibi ananiuliza. "Mishi, mto leo una rangi gani?" Nasema, kahawia. "Kahawia ya kahawa au ya chai?" Ya chai. "Haya. Na mawingu je, upande wa baharini?" Meupe. "Leso yangu nimeivaa upande gani, maua yako juu au chini?" Na usoni ana lile tabasamu, kidevu juu. Mimi nikajua ananifundisha. Kule madrasa, mwalimu naye alikuwa akiuliza vitu anavyovijua. Mtu mzima akikuuliza kitu, jibu analo, anataka tu kuona kama na wewe unalo. Ndivyo nilivyoielewa dunia.

Ikaja kupalilia. Mpunga una adui anayefanana nao kama ndugu, mpunga mwitu. Ukiwa mchanga huwezi kuwatenganisha kwa jani wala kwa urefu, na kwa kupapasa ndio kabisa, ni kitu kimoja. Tofauti iko chini, pale shina linapoingia matopeni. La mpunga wa kweli ni jeupe, lina ukijani. La mpunga mwitu lina wekundu kidogo, kama mtu aliyegusa hina akaosha. Basi. Ukiuacha, unakua haraka kuliko wenzake, unatoa masuke mapema, unapukutisha mbegu zake chini kabla hujavuna, na umekaa kwako miaka. Na ule usiopukutika unaingia kwenye mavuno yako, punje nyekundu ngumu ndani ya mchele mweupe.

Bibi alikuwa anainama, anashika mche, anautenga na wenzake, anautelezeshea kidole mpaka chini, ananiuliza, "Hili shina rangi gani?"

"Jekundu."

Anang'oa. Wa pili. "Na hili?"

"Jeupe."

Anauacha. Hivyo hivyo, mstari mzima, jua linapanda, mgongo unauma, na wasichana wenzangu nawasikia mtoni wakifua na kurushiana maji. Siku tatu nilijibu vizuri. Siku ya nne nilichoka. Kila nikisema jekundu, kazi inaongezeka, lazima ung'olewe, utikiswe matope, utupwe juu ya tuta, na mwenye kuupeleka kwenye tuta ni mimi. Basi akauliza, na shina nililiona wazi kabisa, jekundu, na nikasema, "Jeupe."

Nikakaza mabega kungoja kofi. Bibi yangu alikuwa na mkono mwepesi.

Hakunipiga. Akauachia mche, akashika mwingine. "Na hili?"

"Jeupe," nikasema, nalo jekundu.

Akauachia.

Sikuwaza hata kidogo kwamba haoni. Niliwaza, ama ameamua kunionea huruma leo, ama ananitania na mimi namtania. Nikaona ni mchezo wetu sisi wawili. Mstari ukaisha upesi, bibi akainuka, akajinyoosha, akasema, "Alhamdulillahi, upande huu Mungu ametuhurumia. Mwitu umepungua." Nikacheka kimoyomoyo. Bibi naye kwa mizaha! Nikapewa ruhusa nikakimbia mtoni, na kesho yake nikafanya vile vile, na keshokutwa.

Mpunga ukakua. Ukitazama kipande chetu wakati ule ungesema kimebarikiwa kupita vyote, kirefu, kijani. Kisha ule mrefu zaidi ukaanza kutoa masuke kabla ya wakati, na masuke yake yalikuwa na ndevu ndefu. Kilua haina ndevu. Mama Kadzo akasimama kwenye tuta, mkono kiunoni.

"Hawe, mbona mwaka huu mpunga wako umeota ndevu? Umeolewa na nani?"

Bibi akanyoosha mkono, akaupitisha juu ya masuke, polepole, kama anampapasa mtoto kichwani. Nikaona mkono umesimama. Akaupitisha tena mbele kidogo, ukasimama tena. Nikajiandaa, maana sasa nilijua kosa langu liko wazi.

"Mto umeleta," akamwambia Mama Kadzo. "Maji ya mwaka huu yalikuja na kila takataka."

Hakunigombeza, wala siku ile wala baadaye. Jioni tulirudi amenishika bega kama kawaida, ila vidole vyake vilikuwa vizito. Leo naelewa. Angenigombeza kwa lipi? Kunigombeza ilikuwa ni kusema mbele ya watu kwamba neno langu ndilo lililokuwa likimwonyesha njia. Akalimeza. Na mimi, mtoto, nikaona nimesamehewa.

Tukavuna. Kwetu chungu cha kwanza cha mpunga mpya hakipelekwi kwa mashine. Unatwangwa kwa kinu, unapepetwa, na unapikwa kwa maji matupu, bila nazi wala chumvi, ili mchele useme wenyewe. Unapakuliwa kwenye sinia moja, mtu anasoma dua, na wote mnakula tonge moja moja kabla ya kuleta mchuzi. Chungu cha bibi kilikuwa kinangojwa. Ami Athmani alikuwa akitoka Malindi kwa ajili yake tu.

Mama yangu alikaa na ungo tangu asubuhi anachambua punje nyekundu. Alichambua mpaka macho yakamtoka machozi, na bado ulipopikwa, sinia ilikuwa na madoa mekundu kila mahali. Harufu ilikuwa ile ile ya Kilua, nzuri, inajaza nyumba. Lakini ule wekundu.

Dua ikasomwa. Ami akatwaa tonge, akatafuna, akakutana na punje ngumu, akaitoa, akaitazama.

"Mama, hii ni Kilua?"

"Ni Kilua. Mto umeleta mchanganyiko."

"Kwa Mama Kadzo haukuleta. Nimepita kwake sasa hivi, anapepeta mchele, mweupe mtupu."

"Mama Kadzo Mungu amemwepushia. Wewe kula."

Ami akacheka, hakuwa na ubaya. "Basi umezeeka, Mama. Wewe wa zamani ungepitiwa na mwitu mwingi hivi? Au uliacha palizi ukalala usingizi."

Nilimtazama bibi. Alikuwa ameinamisha kichwa, na sijawahi kumwona ameinamisha kichwa mbele ya mtu. Wallahi sikuweza kustahimili. Bibi kuambiwa mvivu mbele ya sinia! Na aliyefanya ni mimi. Nikakumbuka tulivyofundishwa madrasa, kwamba mtu aliyekosa aseme mwenyewe kabla hajasemewa. Nikaona nikisema, aibu itamtoka bibi itanijia mimi, nami nitapigwa, na yataisha.

"Si bibi!" nikasema. "Bibi alipalilia! Ni mimi niliyemwambia mashina ni meupe, na yalikuwa mekundu. Bibi aliniuliza, mimi nikadanganya!"

Mama yangu akanishika goti, kwa nguvu. Nikadhani anataka nisilie.

Ami akaacha tonge. "Alikuuliza rangi?"

"Kila siku ananiuliza. Ananifundisha. Ananiuliza ya mashina, ya mto, ya mawingu. Hata ya leso yake."

Mpaka leo naukumbuka mvuke wa wali ukipanda katikati yetu. Nilikuwa nimejivunia jibu langu, nimemtetea bibi kwa kila nilichokuwa nacho, na hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wakimtazama yeye. Ami akainua mkono polepole, akauweka mbele ya uso wa mamake, ameshika kipande cha ndimu.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimeshika nini?"

Bibi akainua kidevu.

"Umeshika adabu yako," akasema. "Usiiachie."

Ami akashusha mkono. Akainuka akatoka nje, na kupitia mlangoni nikamwona amesimama kwenye jua, anajifuta uso kwa kofia yake.

Alimchukua baada ya siku tatu. Bibi hakubisha. Alifunga nguo zake kwenye leso, akaniita, nikaenda. Akaniwekea mkono begani pale pale pa siku zote.

"Ulisema kweli," akasema. "Ila uliichelewesha."

Hilo tu. Gari likaondoka.

Mimi na mama yangu ndio tuliobaki na kipande. Mbegu ya mwaka ule ilikuwa imeharibika, basi tukakaa ukumbini siku nyingi tunachagua masuke, tunamenya punje kwa kucha moja moja kutazama ndani kama ni nyeupe. Tukapata kikapu kimoja kisichojaa. Kabla ya mafuriko tulikwenda Malindi kumwona. Tulimkuta barazani kwa Ami, kwenye kiti cha plastiki, amevaa vizuri, amepakwa wanja. Nikamwona miguu. Visigino vyake vilikuwa safi, vyeupe, vimelainika. Sijui kwa nini lile ndilo lililoniuma. Mke wa Ami alikuwa mwanamke mwema, akatuletea juisi na mahamri. Walikuwa wamempeleka hospitali, daktari akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kimekwisha.

Bibi alimuuliza mama yangu mambo mengi. Maji yameanza? Tuta la upande wa mto limezibwa? Mimi aliniuliza kama nimekula. Nilikaa karibu na kiti chake mchana kutwa, nimevaa gauni jipya la njano, nangoja aniulize ni la rangi gani. Hakuniuliza. Alimuuliza mtoto wa Ami kama kuna mawingu, na mtoto akamjibu bila kutazama juu. Nikajua basi, mimi nimeshatolewa kazini.

Mafuriko yakaja, yakashuka, tukapanda. Na bonde halikuwa na mwonjaji. Mama Kadzo akaonja, mama yangu akaonja, wakabishana, na siku moja wakafungua midomo ya matuta siku isiyo yake. Asubuhi yake ncha za miche zilikuwa za manjano, bonde zima, kama zimepitiwa na moto wa mbali. Haukufa wote, Mungu ni mkubwa, lakini wanawake walikaa kwenye matuta wameshika tama. Sijui nani alipeleka habari Malindi. Mama Kadzo alikana, huku akicheka.

Siku mbili baadaye, asubuhi, bibi akatokea. Amekuja ameshikana mkono na muuza maziwa wa Kisomali aliyemkuta kituoni, na bibi ndiye anayemwelekeza njia. "Hapa kata kushoto, kuna mnazi umelala. Umeuona?" Viatu vya Malindi ameshavivua, ameviweka kichwani. Akateremka moja kwa moja mpaka ukingoni, akachota, akazungusha mdomoni, akatema.

"Bado," akasema. "Na mkitaka kufungua, subirini mpaka nife."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndege wakahama.

Ami alifika kabla ya adhuhuri. Alisimama juu ya tuta na viatu vyake vya ngozi, na bibi yuko chini yake, matope mpaka kwenye muundi.

"Mama, twende nyumbani."

"Niko nyumbani."

"Huoni, Mama. Ukianguka je?"

"Hapa nikianguka naangukia matope. Kwako nikianguka naangukia simiti."

Mama Kadzo akaingilia kutoka kwenye kipande chake, hakungoja kuitwa. "Athmani, mwanangu, ukimchukua huyu tena, basi uje wewe utuonjee maji. Kila siku mara mbili. Na viatu hivyo uvivue."

Watu wakacheka. Ami alijaribu kukasirika. "Nyinyi mlijua kama haoni?"

"Sasa tumejua," Mama Kadzo akasema. "Ni afadhali hivyo. Zamani nilikuwa namtania kumbe ni mtu na shida yake, na yeye amenyamaza tu. Hawe, nisamehe."

"Sikusamehe. Wewe maneno yako yalikuwa mabaya hata kwa mwenye macho."

Ami akasimama pale muda mrefu. Kisha akainama akavua viatu, akateremka, akamshika mamake mkono, wakatembea pamoja kando ya tuta mpaka mwisho na kurudi, yeye anateleza, bibi hatelezi. Sikusikia walichoongea. Alipopanda juu alimwambia mama yangu kwamba atakuwa akija kila Ijumaa baada ya swala, na kwamba akikuta bibi yuko peke yake bondeni hata mara moja, atamchukua. Mama yangu akasema inshallah. Na Ijumaa zote alikuja kweli, Mungu amlipe.

Palizi ikafika. Mimi nilikuwa nimejiweka mbali, upande wa mama yangu, sikuthubutu kumsogelea bibi. Sasa hakukuwa na siri, na bonde zima lilikuwa limejitwika kazi ya kuona kwa niaba yake. Bibi akainama, akatenga mche wa kwanza, akatelezesha kidole mpaka chini, akauliza kwa sauti kubwa, bila tabasamu lile, bila kujificha kwa mtu:

"Hili shina rangi gani?"

"Jeupe, Hawe!" Mama Kadzo akapiga kelele kutoka kwake, na hata hajageuka.

"Jeupe, bibi!" wakaitikia wengine watatu wanne, kwa vicheko, kila mmoja kwenye matope yake.

"Nyamazeni nyote," bibi akasema. "Namuuliza Mishi."

Nikaenda. Nikapiga magoti kwenye maji, nikayatenga majani, nikaosha matope kwa kidole mpaka shina likaonekana vizuri, nikalitazama, nikalitazama tena, ndipo nikamwambia.